Uadimu wa Lupasi Barani Afrika: Historia ya Hoja Moja ya Kitabibu, 1961–2019

Takwimu za Ibadan na tafsiri yake

Mwaka 1968 jarida la The Lancet la London lilichapisha makala fupi ya Brian Greenwood, daktari kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria. Greenwood alikuwa amepitia kumbukumbu za wagonjwa karibu 98,000 waliolazwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Ibadan baina ya 1957 na 1966, akitafuta magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Katika umati huo wote alipata wagonjwa zaidi kidogo ya 100. Hakuishia kwenye idadi, bali alipendekeza sababu. Watu wa Nigeria, alisema, huishi na malaria na vimelea vingine tangu utotoni, na huenda maambukizi hayo ya mara kwa mara ndiyo yanayoizuia kinga isigeukie tishu za mwenyewe.

Hoja hiyo ilikuwa ya kisayansi kwa maana kamili ya neno, kwani iliweza kujaribiwa, na ilijaribiwa. Mwaka 1970 Greenwood na wenzake walitoa katika jarida la Nature matokeo ya majaribio juu ya panya wa ukoo maalumu ambao hupata, bila kuambukizwa na yeyote, ugonjwa unaofanana na lupasi ya binadamu. Panya waliotiwa malaria walikingika kwa kiasi kikubwa. Greenwood mwenyewe baadaye aligeukia malaria na kuongoza kwa miaka mingi maabara ya utafiti wa tiba nchini Gambia, ambako jina lake linafahamika zaidi kwa vyandarua vyenye dawa kuliko kwa lupasi.

Hata hivyo, hoja ilipotoka Ibadan haikubaki vilevile. Yale yaliyokuwa matokeo ya kuhesabu waliolazwa katika hospitali moja ya rufaa, katika muongo mmoja, yaligeuka katika vitabu vya kiada kuwa sifa ya bara zima, yaani kwamba lupasi ni ugonjwa adimu kwa Mwafrika aliye Afrika. Insha hii inafuatilia safari ya hoja hiyo. Msimamo wake ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti iliyoripotiwa baina ya Afrika na maeneo mengine ilitokana na mahali alipokaa mtazamaji, vyombo alivyokuwa navyo na picha ya ugonjwa aliyokuwa nayo kichwani. Lakini si tofauti yote. Wapo waliokwisha kuiona kasoro ya hesabu wakadhani kwamba tofauti yenyewe imefutika, na dhana hiyo nayo haithibitiki.

Jambo hili haliwahusu wanatakwimu peke yao. Lupasi ni ugonjwa wa tishu unganishi unaoweza kugusa ngozi, viungo, damu, moyo, mapafu, ubongo na figo. Takriban wagonjwa tisa kati ya kila kumi ni wanawake, na wengi huanza kuugua katika umri wa kuzaa. Daktari aliyefundishwa kwamba ugonjwa huu haupo katika jamii yake hana sababu ya kuutafuta, na figo zinazoshambuliwa hazisubiri fikra zibadilike.

Asili ya picha ya kitabibu

Ili kuelewa ni kitu gani kilikuwa kikitafutwa Ibadan, inafaa kurudi Ulaya ya karne ya 19. Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni mbwa mwitu. Lilitumika kwa karne nyingi kutaja vidonda vinavyoutafuna uso, vikiwamo vile ambavyo leo vinajulikana kuwa kifua kikuu cha ngozi. Mwaka 1851 Pierre Cazenave wa Paris alitenga aina moja kwa kuiita lupasi yenye wekundu. Huko Vienna, Ferdinand von Hebra alikuwa tayari amelinganisha upele wa mashavu na pua na umbo la kipepeo, na atlasi yake ya magonjwa ya ngozi ya 1856 ikautia upele huo katika picha za rangi. Moriz Kaposi alionyesha mwaka 1872 kwamba ugonjwa haukomei kwenye ngozi, na William Osler, akiwa Baltimore, aliandika kuanzia 1895 juu ya namna unavyovamia viungo vya ndani.

Wote hao walikuwa wakitazama, kwa sehemu kubwa kabisa, nyuso nyeupe. Jambo hili si lawama, waliandika walichokiona. Lakini wekundu ndio uliokuwa alama, na wekundu ndio ulioingia katika jina. Katika ngozi nyeusi uvimbe uleule huonekana kama kiza, au rangi ya zambarau iliyokoza, na mara nyingine hauonekani kabisa kwa jicho lisilozoea. Kinachoonekana zaidi ni mabaka ya duara yenye makovu, katikati pakiwa pamepoteza rangi na ukingoni pakiwa peusi, pamoja na kunyonyoka nywele kusikorudi. Mtu asiye na mazoea anaweza kuyachukua mabaka hayo kuwa ni fangasi au, penye ukoma, kuwa ni ukoma. Daktari aliyefika Afrika akiwa na kipepeo wa Vienna akilini alikuwa akitafuta kitu ambacho ngozi ya mgonjwa wake haikuweza kukionyesha kwa namna ileile.

Katikati ya karne ya 20 utambuzi ulihamia maabara. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walieleza seli ya pekee katika uboho wa wagonjwa wa lupasi. Mwaka 1957 George Friou alitumia mbinu ya mwanga wa floresensi kuonyesha kingamwili zinazoshambulia viini vya seli. Kuanzia hapo ugonjwa ulianza kuonekana kwa wingi popote penye hadubini hizo, kwani wagonjwa wenye dalili nyepesi, ambao awali wasingetambuliwa, waliingia katika hesabu. Kwa hiyo ongezeko la lupasi Marekani na Ulaya baada ya 1950 ni, kwa sehemu, ongezeko la vipimo. Ni ajabu kwamba hoja hii ilikubaliwa upesi kwa upande wa Marekani, huku upungufu wa Afrika ukiendelea kuelezwa kwa vimelea na damu ya Waafrika.

Ushahidi wa Mulago, Durban na Harare

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, jambo linalostahili kupewa uzito ni kwamba ushahidi wa kinyume ulikuwapo kabla ya makala ya Ibadan. Mwaka 1961, miaka saba kabla ya Greenwood, A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha katika East African Medical Journal mapitio ya lupasi kama ilivyoonekana kwa wagonjwa wa Kiafrika nchini Uganda. Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka, B. R. Kanyerezi na wenzake walitoa katika jarida hilohilo maelezo ya dalili za lupasi kwa Waganda waliotibiwa Mulago. Baina ya tarehe hizo mbili, Y. K. Seedat na D. J. Pudifin walieleza mwaka 1977 wagonjwa weusi na wa asili ya Kihindi katika jimbo la Natal, na mwaka 1986 H. G. Taylor na C. M. Stein wakaandika juu ya Zimbabwe.

Makala hizi hazikutoa takwimu za wagonjwa wangapi kwa kila watu 100,000, wala hazikuweza. Zilikuwa orodha za wagonjwa waliofika hospitali kubwa. Lakini uzito wake ni wa namna nyingine, kwani zinaonyesha kwamba pale alipokuwapo daktari mwenye ujuzi wa magonjwa ya viungo na kinga, pamoja na maabara hata ya kadiri, wagonjwa walionekana. Hazikupuuzwa kwa kuwa zilikuwa dhaifu kuliko makala ya Ibadan. Nayo ilihesabu waliolazwa hospitali moja tu. Zilipuuzwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mahali zilipochapishwa, maana aliyekuwa akisoma The Lancet huko Boston hakuwa akisoma East African Medical Journal. Ya pili ni kwamba hazikuwa na nadharia. Makala ya Greenwood iliunganisha uchache na malaria, na wazo linaloeleza jambo huishi muda mrefu kuliko orodha inayolishuhudia tu.

Kuna pia suala la magonjwa yanayoifunika lupasi. Dalili zake za mwanzo ni homa isiyoeleweka, uchovu, maumivu ya viungo, kupungua damu na kupungua uzito. Katika nchi za joto homa husomwa kwanza kuwa malaria. Kikohozi na maji kifuani husomwa kuwa kifua kikuu. Na kuvimba miguu kwa sababu ya figo huwa na majibu mengine mengi kabla lupasi haijatajwa. Mfano mzuri zaidi ni wa kipimo cha kaswende. Tangu miaka ya 1950 ilijulikana Marekani kwamba baadhi ya wagonjwa wa lupasi hutoa majibu ya uongo ya kaswende katika vipimo vya damu, na J. E. Moore na W. B. Lutz mwaka 1955 waliwafuatilia watu wa namna hiyo ili kuona jinsi lupasi inavyojitokeza polepole. Yaani huko, jibu lisilotarajiwa lilikuwa dokezo. Lakini katika maeneo ya Afrika ambako buba ilikuwa imeenea, na buba nayo hutoa majibu yaleyale ya kweli, hapakuwa na sababu ya kulishangaa jibu hilo. Kipimo kilekile kilichofungua njia Baltimore hakikuweza kumshtua daktari wa vijijini Uganda au Nigeria.

Lugha nayo ilikuwa na mchango wake. Katika Kiswahili cha kila siku, maumivu ya viungo kwa jumla huitwa baridi yabisi, na jina hilo hubeba ndani yake maelezo ya chanzo, yaani baridi iliyoingia mwilini. Mgonjwa anayesema ana baridi yabisi anasema kweli kuhusu maumivu yake, lakini jina hilo likihamishiwa moja kwa moja kwenye daftari la zahanati, magonjwa kadhaa tofauti huzama chini ya neno moja. Hapo mgonjwa wa lupasi hutoweka kabla hata hajamfikia mtu wa kumpima.

Nadharia tete ya mteremko

Upande wa pili wa Atlantiki picha ilikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1974 W. J. Fessel, akitumia kumbukumbu za bima ya afya huko San Francisco, alikadiria kwamba miongoni mwa wanawake weusi wa miaka 15 hadi 64 mmoja katika kila 245 alikuwa na lupasi, kiwango kilichozidi sana kile cha wanawake wote kwa pamoja cha mmoja katika 700. Tafiti nyingine za Marekani, Karibiani na Uingereza zilielekea upande huohuo. Mwaka 1995 Deborah Symmons alizikusanya taarifa zilizokuwapo na kutaja kile kilichokuja kuitwa nadharia tete ya mteremko, yaani kwamba lupasi ni adimu Afrika Magharibi na ya kawaida miongoni mwa watu wa asili hiyohiyo waishio Ulaya na Amerika. Miaka mitatu baadaye Sang-Cheol Bae, Patricia Fraser na Matthew Liang waliuchambua upya ushahidi huo, wakaonya kwamba upande wa Afrika wa mteremko ulikuwa umejengwa juu ya data chache mno.

Onyo la Bae na wenzake linahitaji kuongezwa jambo moja la kihistoria. Mteremko hulinganisha ncha mbili, na ncha ya huku iliitwa Afrika. Lakini watu waliovukishwa Atlantiki kwa nguvu walitoka kwa wingi mkubwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati upande wa magharibi. Mganda wa Shaper au Mzulu wa Seedat na Pudifin si babu wa mwanamke wa San Francisco kwa maana yoyote ya karibu. Kuwaweka wote chini ya neno moja kulifaa wakati ambapo rangi ya ngozi ilichukuliwa kuwa aina ya kibayolojia. Kwa swali la urithi wa jeni, hakufai. Kwa hiyo ushahidi wa Afrika Mashariki hauwezi kutumiwa kuuthibitisha mteremko wala kuuvunja. Unaweza tu kuvunja kauli pana zaidi kwamba ugonjwa haupo barani.

Jaribio la haki zaidi lilifanyika London. Mwaka 2001 Mariam Molokhia na wenzake walilinganisha wanawake waishio kusini mwa jiji hilo, chini ya mfumo mmoja wa afya. Kwa kila wanawake 100,000, walikadiria wagonjwa 35 miongoni mwa wenye asili ya Ulaya, 110 miongoni mwa waliotoka Afrika Magharibi, na 177 miongoni mwa wenye asili ya Karibiani. Tarakimu ya katikati ndiyo yenye kusema zaidi. Wanawake hao wa Afrika Magharibi, wengi wao wahamiaji, hawakuwa na kiwango cha chini kilichotabiriwa na takwimu za Ibadan. Mtetezi wa malaria anaweza kujibu kwamba kinga hiyo huisha mtu akishaondoka penye mbu, na jibu hilo haliwezi kutupwa. Lakini aliyedai kwamba Mwafrika ana kinga ya kuzaliwa dhidi ya lupasi hakuwa na la kujibu.

Njia nyingine ilipita Sea Islands, visiwa vya pwani ya South Carolina. Wagullah wa huko ni wazao wa watumwa walioishi kwa kutengana kiasi na jamii nyingine, wenye uhusiano wa kihistoria na Sierra Leone na mchanganyiko mdogo wa damu ya Ulaya. Lupasi imeenea katika familia zao. Gary Gilkeson na wenzake, katika makala ya 2011, waliipima damu ya wanawake wa Sierra Leone na ya Wagullah, na kingamwili dhidi ya viini vya seli hazikuwa adimu upande wa Afrika. Jambo hili halina maana kwamba wanawake hao wa Sierra Leone wana lupasi. Watu wengi wenye kingamwili hizo hawaugui kamwe. Linaonyesha kwamba hatua ya kwanza ya njia iendayo kwenye ugonjwa ipo pande zote mbili za bahari.

Tofauti zinazobaki

Ingekuwa rahisi kusimama hapa na kutangaza kwamba mteremko ulikuwa kivuli cha vipimo. Ushahidi hauruhusu. Tangu 1994 utafiti wa LUMINA uliwafuatilia wagonjwa wa Alabama, Texas na Puerto Rico, na figo ziliathirika zaidi kwa wagonjwa weusi na kwa Wahispania wa Texas kuliko kwa wagonjwa weupe na kwa Wahispania wa Puerto Rico. Matokeo hayo ya makundi mawili ya Wahispania ni ya thamani kubwa kwa mwanahistoria, kwa sababu yanaonyesha jina moja la sensa likiwa limefunika watu wenye nasaba tofauti, hali tofauti za maisha na, hatimaye, magonjwa yenye sura tofauti. Umaskini na kukosa bima vilihesabiwa na vilionekana kuwa na uzito wake, bila kumaliza maelezo yote.

Wazo la Greenwood lenyewe limerudi kwa mlango wa jenetiki. Ipo aina ya jeni iitwayo FCGR2B ambayo hupunguza uwezo wa kinga kujifunga breki, na huongeza hatari ya lupasi. Mwaka 2010 L. C. Willcocks na wenzake walionyesha, kwa kuwachunguza watoto wa Kenya, kwamba kurithi aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huendana na kukingwa dhidi ya malaria kali. Kwa mtazamo huu malaria haizuii lupasi kwa mtu mmoja tu. Kwa vizazi vingi imewachagua watu ambao kinga yao ni kali, na ukali huohuo ndio unaoweza kuwageuka. Mambo haya mawili hayapingani. Yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja katika mwili uleule.

Jeni ya APOL1 ni mfano mgumu zaidi. Aina zake mbili zilizoenea zaidi Afrika Magharibi humkinga mtu dhidi ya vimelea vya malale vya Trypanosoma brucei rhodesiense, ambavyo leo hupatikana mashariki na kusini mwa bara, lakini mwenye nakala mbili huwa katika hatari kubwa ya figo kufa. Barry Freedman na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba Wamarekani weusi wenye lupasi na nakala hizo hufika haraka zaidi kwenye hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoitwa ukali wa lupasi ya weusi si lupasi peke yake, bali ni urithi wa figo uliokutana nayo. Matokeo haya hayafai kuhamishiwa Mulago au Nairobi bila kupimwa upya, kwa sababu mgawanyo wa jeni hiyo si mmoja barani kote.

Vigezo vya uainishaji

Tofauti zote hizi zimesomwa kupitia vigezo vilivyoandikwa Amerika ya Kaskazini na, baadaye, kwa ushirikiano na Ulaya. Vile vya 1971 vilikuwa 14. Vya 1982 vikawa 11, na mgonjwa alihitaji kutimiza vinne. Vinne kati ya hivyo 11 vilihusu ngozi na kinywa, vikiwamo wekundu wa mashavu na ngozi kudhuriwa na jua. Mgonjwa mweusi ambaye wekundu wake haukuonekana alianza na alama pungufu, na ilimbidi azifidie kwa viungo vya ndani au kwa damu. Kwa maneno mengine, alihesabiwa akiwa tayari mgonjwa zaidi. Hapo ndipo inapofaa kusoma upya taarifa nyingi za Afrika zinazoeleza kwamba lupasi ya huku ni chache na kali. Uchache na ukali huo vinaweza kuwa vimetoka katika chujio moja.

Vigezo vya SLICC vya 2012 vilifungua njia nyingine, vikikubali figo zilizothibitishwa kwa uchunguzi wa kipande cha figo pamoja na kingamwili husika. Huo ulikuwa msaada mkubwa kwa mgonjwa ambaye ngozi yake haisemi, pale penye mtaalamu wa kuchukua kipande hicho na mwingine wa kukisoma. Vigezo vya pamoja vya Ulaya na Marekani vya 2019 viliweka sharti la kuingilia, kwamba kingamwili dhidi ya viini vya seli ziwe zimepatikana angalau mara moja kwa kiwango cha 1:80 au zaidi. Bila jibu hilo, alama nyingine zote hazihesabiwi. Waliovitunga walieleza wazi kwamba ni vigezo vya kuchagua wagonjwa wa utafiti, si vya kumtambua mgonjwa kitandani. Lakini katika hospitali ya wilaya ambako sampuli ya kipimo hicho hupelekwa mji mkuu kwa gharama ya mgonjwa mwenyewe, mipaka ya mambo hayo mawili haionekani, na mgonjwa asiyeweza kulipia kipimo haingii katika hesabu ya utafiti wala katika orodha ya dawa.